Kabla watoto hawajapanda, tuliipeleka Noah Sekenke

Saa 11 na nusu alfajiri, Singida mjini, upepo wa siku zote ukitupulizia vumbi usoni, watu wazima watatu tulikuwa tunapakia magunia ya alizeti kwenye viti vya watoto. Gunia moja tuliliweka dirishani, jingine pale ambapo binti yangu wa miaka mitatu angekaa, na mawili kwenye viti vya nyuma vya watoto wa dada. Mwisho kabisa, kwenye mizigo, tuliweka madumu manne ya maji ya lita 20 na kuyafunga kwa kamba. Jirani aliyekuwa anafagia uwanja alitutazama muda mrefu, kisha akauliza kama tunahama.

Hatukuwa tunahama. Tulikuwa tunalijaribu gari.

Safari yenyewe ilikuwa ya Jumamosi iliyofuata. Shule zilikuwa zimefungwa, na kama kila Desemba, watoto walitakiwa kwenda kwa bibi, ng'ambo ya Shelui, wilayani Iramba. Kwa wasiopajua, barabara ya lami inayotoka Singida kwenda Nzega hupita Iguguno na Misigiri, halafu inafika ukingoni mwa nyanda za juu na kuteremka mlima Sekenke mpaka bondeni Shelui, kwenye mbuga za Wembere. Mlima huo madereva wa malori wanaujua kwa jina na kwa makovu. Nami nimeandika habari za ajali za kutosha kiasi kwamba nikisikia neno Sekenke, mkono unatafuta mkanda.

Shemeji, mume wa dada, alikuwa ameshamaliza maandalizi yake. Noah ilipelekwa gereji moja mjini, ikabadilishwa oili, ikaoshwa, na fundi akamwambia iko fiti. Stika ya ukaguzi ilikuwepo kiooni. Kwa watu wengi habari ingeishia hapo, na mimi ni mmoja wao. Aliyeharibu mambo ni baba mdogo.

Baba mdogo ana miaka sitini na ushee. Ujana wake, katikati ya miaka ya 1980, alikuwa Nairobi kwenye gereji iliyopata vibarua vya timu za Safari Rally. Hakuwa fundi bado. Alikuwa kijana wa kuosha vifaa kwa petroli na kubeba matairi. Lakini macho yalikuwa yake, na alichokiona hakijamtoka. Tulipomwamkia jioni ile na kumweleza safari ya watoto, aliitikia marahaba, akanywa chai yake yote, ndipo akamuuliza shemeji swali moja: "Gari umelijaribu wapi?"

Shemeji akasema amelizungusha mjini, hadi Misuna na kurudi.

"Tupu?"

"Tupu, baba."

"Basi hujalijaribu. Umelitembeza."

*

Naomba mzazi mwenzangu univumilie kidogo kwenye habari za magari ya mashindano. Sikuwa mpenzi wa mbio hizi. Nilipokuwa mdogo niliziona ni kelele na vumbi la watu wenye fedha. Lakini barabarani asubuhi ile, na siku zilizofuata nikisoma mwenyewe, nilianza kuelewa kwa nini baba mdogo anazungumza hivyo.

Mbio zile zilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Miaka ya mwanzo barabara za hapa kwetu zilikuwa sehemu ya mtihani. Milima ya Mbulu, ambayo siyo mbali na mpaka wa Singida upande wa Mkalama, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoogopwa. Mwaka 1963 yaliingia magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yaliingia 93, yakamaliza saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, na mara zote mbili walikuwa ndani ya Peugeot 404. Na katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell, watu waliokuwa wakiishi Tanzania, nao kwa Peugeot 404.

Unaweza kudhani siri ilikuwa Peugeot. Ilikuwa gari imara kweli, wazee wetu wanaikumbuka. Ila washindi wa miaka ile walikuwa na kitu ambacho timu kubwa za Ulaya hazikuwa nacho: waliishi na hizi barabara. Walijua mvua ya Aprili inafanya nini kwenye udongo mweusi, na springi ipi hukatika ukipita na mzigo. Joginder Singh, fundi wa Nairobi, alishinda mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika, siyo mpya kutoka kiwandani. Yeye ndiye yule aliyeingia Safari mara 22 na kufika mwisho mara 19. Kwangu hiyo 19 ni kubwa kuliko ushindi wake wa mara tatu.

Madereva kutoka Ulaya walishindwa mwaka hadi mwaka. Ilichukua hadi 1972 ndipo madereva kutoka huko, Hannu Mikkola na Gunnar Palm wakiwa na Ford Escort, waliposhinda. Baada ya hapo wakubwa walikuwa wameshaelewa: huwezi kuliandaa gari la Safari ukiwa Ulaya peke yake. Ndiyo maana miaka ya 1980, timu kama Toyota, iliyoshinda mfululizo 1984, 1985 na 1986, zilikuwa zinafika Kenya wiki nyingi kabla ya mbio, na gari la majaribio ambalo halitashindana. Gari hilo kazi yake ilikuwa moja. Kuvunjika.

Baba mdogo anaieleza vizuri kuliko mimi. Anasema lile gari lilipakiwa uzito kamili: matairi mawili ya akiba, mafuta, maji, vifaa, watu wawili. Halafu linapelekwa kwenye barabara mbaya kuliko zote, saa ya joto, linaendeshwa kama siku yenyewe. Likirudi zima, wanaume wananuna. Likirudi limepasuka kitu, wanakusanyika wakifurahi, kile kipande kinawekwa mezani kama mgonjwa, wanakigeuzageuza. Kesho kinatengenezwa kinene zaidi, gari linarudi kule kule. Yeye kijana wa kuosha alishangaa sana: watu wanasafiri kutoka ng'ambo kuja kuvunja gari zuri, na kushukuru.

Kuna jambo moja la majaribio yale ambalo nililipinga tukiwa njiani, na bado nalipinga. Safari ya zamani ilikimbiwa kwenye barabara zilizo wazi kwa umma, na majaribio vivyo hivyo. Ng'ombe, baiskeli, watoto wa shule wanaotembea pembeni, wote humo humo. Timu ziliwasha taa mchana na kutumia helikopta kuangalia mbele, lakini mtoto wa kijijini hakuomba kuwa sehemu ya jaribio la mtu. Baba mdogo alinyamaza, kisha akasema ndiyo sababu leo hatutakimbia. Tutakwenda spidi ile ile tutakayokwenda na watoto, na kama kuna kitu kitatokea, kitokee kwa spidi hiyo.

*

Tulitoka mjini ziwa Singidani likiwa bado la kijivu. Mawe makubwa ya Singida, yale yanayokaa juu ya mengine kama yamepangwa na mtu, yalianza kupata rangi. Kama hujawahi kufika, Singida siyo ule ukame unaousikia kwenye simulizi za watu wanaopita usiku ndani ya basi. Mvua zikianza, kuanzia mwishoni mwa Novemba, mkoa mzima unabadilika. Pembeni ya barabara watu walikuwa mashambani na majembe ya ng'ombe, wanapanda alizeti na uwele. Iguguno tuliwakuta vijana wameshapanga kuku na chupa za asali kwa ajili ya mabasi. Shemeji alitaka kusimama anunue kuku wawili, akakatazwa. "Umesema uzito ni huu, usiongeze," baba mdogo alimwambia, "kuku tutanunua tukirudi."

Alikuwa anaendesha yeye. Mimi niliketi mbele na daftari, maana alinipa kazi ya msoma ramani. Kila kilomita kumi nilitakiwa kuandika sindano ya joto iko wapi, kama kuna sauti mpya, na kama usukani unavuta upande. Nilihisi kama nimerudi wodini miaka ya mafunzo, naandika joto la mgonjwa kila saa. Kufika Misigiri, njiapanda ya kwenda Kiomboi, daftari langu lilikuwa na mistari ya kuchosha: sawa, sawa, sawa, usukani unavuta kulia kidogo.

"Unavuta lini?" akauliza.

"Ukishika breki."

Akaguna.

Pale Misigiri alituamuru jambo ambalo shemeji aliliona dharau. Tulisimama mahali pana, nje kabisa ya lami, akasema: badilisha tairi la nyuma, sasa hivi, na mzigo ukiwa ndani. Timu za rally hufanya zoezi hili mpaka wanalifanya gizani. Sisi ilikuwa mchana kweupe na tulitumia dakika 40. Jeki ilikuwa chini ya mizigo, kwa hiyo madumu yote yalishushwa. Spana ya nati haikuenea, tukaazima kwa dereva wa Fuso. Tairi la spea lilikuwa na upepo nusu. Na kwa kuwa nilikuwa nimechuchumaa hapo bila kazi, nilisoma ubavu wa tairi kama nilivyofundishwa. Tafuta tarakimu nne kwenye kiduara kirefu baada ya herufi za DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Spea yetu ilisomeka 3109. Tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2009. Lilikuwa na kashata zote, halijaguswa, jeusi na zuri, na pembeni limepasuka nyufa nyembamba kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta.

Hebu fikiria kazi ile usiku, mvua inanyesha, watoto watano wamesimama pembeni ya barabara ya malori.

*

Sekenke inaanza ghafla. Unatembea juu ya uwanda, miti midogo, mbuzi, halafu mbele ardhi inaisha na unaona anga tupu. Chini kabisa mbuga za Wembere zimelala kama bahari iliyokauka. Uzuri wake unataka kusimama, na ni mahali pabaya sana pa kusimama. Huko chini ndiko kwenye mgodi wa dhahabu wa zamani, Sekenke, uliochimbwa tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1916, wakiwa wamebanwa na vita na hawana fedha, dhahabu ya hapa ndiyo waliyoitumia kupiga sarafu za rupia 15 kule Tabora. Nilikuwa namweleza shemeji hilo, nikajikuta nazungumza peke yangu.

Baba mdogo alikuwa amesimamisha gari kwenye uwazi kabla ya mteremko. Alisubiri breki zipoe, akatueleza atakavyofanya. Noah yetu ni otomatiki, na madereva wengi wa otomatiki huteremka mlima wakiwa kwenye D, mguu juu ya breki mwanzo hadi mwisho. Hivyo ndivyo shemeji alivyozoea. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya mlima, alisema, nitashuka kama wewe unavyoshuka, ili tuone gari linakwambia nini. Mkono wangu utakuwa kwenye gia.

Spidi ilikuwa 40. Lori mbele yetu lilikuwa linatambaa na sisi tukalifuata kwa mbali. Kona ya kwanza, sawa. Kona ya pili nikasikia harufu, kama chuma kilichounguzwa na nywele. Nikaiandika, mkono unatetemeka. Usukani ukaanza kuvuta kulia waziwazi. Kisha nikamwona baba mdogo akikanyaga, na pedeli ikaenda chini zaidi ya ilivyokuwa, akakanyaga mara ya pili, ikaenda chini zaidi.

"Imekuwa uji," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema imekuwa mvua.

Akavuta gia hadi 2, injini ikapiga kelele, gari likapungua. Akavuta hadi L. Akashika hendibreki kidogo kidogo, anaiachia, anaishika. Tukaingia sehemu pana ya pembeni, akaikanyaga tena ile pedeli mara tatu nne, na Noah ikasimama. Nyuma yangu magunia ya alizeti yalikuwa yamesogea mbele, lile la kiti cha binti yangu limelala juu ya mgongo wa kiti changu.

Hakuna aliyesema kitu. Shemeji alifungua mlango, akashuka, akatembea hatua chache na kusimama ametupa mgongo.

Dereva asiye na baba mdogo pembeni, amebeba wake zake wa moyo na watoto, angefanya nini pale? Sijui kama angekumbuka L. Mimi nisingekumbuka.

*

Tulikaa pale zaidi ya saa nzima, mawe yamezuia magurudumu. Nilitaka kumwaga maji kwenye gurudumu la mbele kulia lililokuwa linafoka joto, nikazuiwa: chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka. Baba mdogo alipitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Mbele kushoto joto la kawaida. Nyuma zote mbili vuguvugu. Mbele kulia huwezi kuweka mkono kwa hatua nzima.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa rahisi. Kile kishikizo kinachobana pedi za breki, mafundi wanakiita kalipa, pini zake zilikuwa zimekauka na kunata. Pedi haziachii. Mjini, gari tupu, tambarare, hiyo haionekani: breki zinashika na maisha yanaendelea. Mlimani, na mzigo wa familia, gurudumu moja linafanya kazi ya magurudumu manne, linachemka, na joto linapanda hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani kadiri miaka inavyokwenda. Yetu yalikuwa meusi kama kahawa ya mtungi. Unyevu ule ukichemka unakuwa mvuke, na mvuke unabonyezeka. Ndiyo uji ule.

Gereji iliyosema gari liko fiti haikusema uongo kwa makusudi, nadhani. Walifungua kilichofunguka, wakaona pedi ni nene, wakafunga. Ila hakuna aliyelipasha gari joto. Kipimo cha shinikizo la damu cha mtu aliyelala hakikwambii atakuwaje akipanda ngazi na ndoo ya maji kichwani, ndiyo maana kuna vipimo vya moyo vinavyofanywa mtu akitembea juu ya mashine.

Kule juu ya jiwe nilimsimulia baba mdogo kilichotokea mwaka 2021, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kutokuwepo tangu 2002. Mwaka ule timu kubwa zilikuwa zimezuiwa kufanya majaribio nje ya Ulaya, kwa ajili ya kubana gharama. Zikaja Naivasha na magari ya mamilioni ambayo hayajawahi kuonja vumbi la Kenya kabla ya mbio. Thierry Neuville wa Hyundai aliongoza mpaka Jumapili, siku ya mwisho, karibu dakika nzima mbele. Asubuhi hiyo shokapu ya nyuma ikavunjika, akaachia uongozi na mbio kwa pamoja. Sébastien Ogier wa Toyota akashinda.

Baba mdogo alicheka mpaka akafuta machozi. "Wamejaribu gari Ulaya," alisema, "kama shemeji yako alivyolijaribu Misuna."

*

Sasa naomba nizungumze kama mwandishi wa afya, kwa sababu gunia lile lililolala mgongoni kwangu sijalisahau.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Siyo malaria, siyo ugonjwa wowote tunaouchanja. Na hapa kwetu hatuhitaji takwimu kutukumbusha. Wengi tunajua tulikuwa wapi Mei 6, 2017, habari za basi la wanafunzi wa Lucky Vincent zilipofika kutoka Karatu: watoto 32, walimu wawili na dereva.

Nilikuwa nimepanga binti yangu akae mapajani mwangu. Nakiri. Nimeandika makala za mkanda wa kiti, na bado nilipanga hivyo, kwa sababu safari ni fupi na mtoto hulala vizuri akipakatwa. Pale Sekenke nilifanya hesabu kwenye daftari. Mtoto wa kilo 14, gari likiwa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mikono yako inatakiwa kushika uzito wa karibu kilo 200. Magunia mawili makubwa ya mahindi. Hakuna mama mwenye mikono hiyo. Na ukimfunga ndani ya mkanda wako mwenyewe, ni mwili wako unaombana.

Madereva wa rally hufungwa na mkanda wenye ncha sita, wakavaa kofia ngumu, ndani ya fremu ya mabomba ya chuma, na bado huingia kwenye majaribio wakijua watapinduka siku moja. Kwenye Noah yetu, tulipotafuta mikanda ya viti vya nyuma, viwili vilikuwa vimezikwa chini ya kava za viti. Kava nzuri, za maua. Dada alizinunua mwaka juzi na tangu hapo hakuna mtoto aliyefunga mkanda huko nyuma, na sisi sote tulikuwa tunapanda gari hilo.

*

Tulipanda mlima kurudi kwa gia ndogo, taratibu, breki zikiguswa kwa nadra, hadi Misigiri, na pale tukamsubiri fundi aliyekuja na vifaa. Magunia yalirudi Singida kwa lori. Kuku wa Iguguno tulinunua.

Matengenezo hayakuwa ya kutisha kwa bei: pini zikasafishwa na kupakwa grisi inayostahimili joto, pedi za mbele zikabadilishwa pande zote mbili, mafuta ya breki yakamwagwa yote na kuwekwa mapya, spea ikanunuliwa, spana inayoenea ikanunuliwa. Kilichokula fedha zaidi ni tairi. Kiti cha mtoto nilipewa na mwenzangu wa kazini ambaye mwanawe amekua. Namjua, najua hakijawahi kupata ajali, na hilo ni muhimu, maana kiti kilichowahi kugongwa huwa na nyufa usizoziona. Watoto wa dada, ambao wawili hawajafika sentimita 135, walinyanyuliwa kwa viti vidogo vya kukalia ili mkanda upite begani, usipite shingoni. Kava za maua zilivuliwa. Dada alilalamika kidogo.

Ukiniuliza mzazi wa kawaida afanye nini kati ya haya, nitasema usiige mlima. Baba mdogo ana miaka 40 ya kazi na alijua anachotafuta. Lakini unaweza kupakia gari uzito wa familia yako, ukaliendesha nusu saa asubuhi siku chache kabla, ukiwa na mtu mzima mwenzako tu na si mtoto, halafu ukasimama na kupitisha kiganja karibu na magurudumu yote manne. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, nenda kwa fundi umwambie hilo, kwa maneno hayo. Badilisha tairi moja uwanjani kwako. Mwulize dereva wa Noah ya kukodi, au wa basi la shule ya mwanao, mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Atakushangaa. Mimi sasa nauliza, na wapo walionijibu vizuri.

Alhamisi baba mdogo na shemeji waliirudisha Noah Sekenke na magunia yale yale. Sikwenda. Walinipigia simu wakiwa Shelui wanakula mihogo.

Jumamosi tuliondoka saa 12 asubuhi, watoto wamefungwa mikanda, mkubwa akilalamika kwamba hawezi kugeuka kumpiga mdogo wake. Baba mdogo alibaki nyumbani, goti linamsumbua. Mlimani shemeji aliweka 2 kabla ya kona ya kwanza, na gari likashuka likinguruma taratibu kama trekta. Binti yangu alilala kabla hatujafika katikati, kichwa kimeinama ndani ya kiti. Nilinusa hewa njia nzima. Ilikuwa harufu ya mvua tu, na machungwa yaliyomenywa nyuma.

Shelui shemeji alisimamisha gari, akazunguka, akapitisha kiganja gurudumu moja baada ya jingine, watoto wakimwangalia dirishani. Kisha akapiga simu.

"Yote manne sawa, baba. Vuguvugu."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, wote tukasikia jibu.

"Na nati, umezikaza tena?"

Shemeji akafungua buti kutafuta spana.